Buti la Kushoto

Mikumi, 10 Februari 2025

Dada Gaudiosa,

Shikamoo. Leo ni mwaka mmoja na miezi miwili tangu nipande Fuso la mpunga pale Kilosa, nikiwa na begi moja na panga nililolifunga kwa gazeti. Niliaga kwamba naenda Ruhembe kukata miwa msimu mmoja tu. Unajua mwenyewe msimu ulivyonivuta.

Mama anaendeleaje na magoti? Mwambie asiende tena Zombo kwa miguu kumfuata yule mganga wa mizizi, apande pikipiki kama watu wengine. Shemeji Cleopa mpe shikamoo yake, na Lightness mwambie mjomba amefurahi kusikia amefaulu.

Sasa kuhusu mimi. Miwa nimeacha tangu Oktoba. Bega la kulia liligoma. Asubuhi moja niliinua panga, mkono ukabaki juu, ikabidi mwenzangu aje kuushusha kama anashusha bendera. Daktari alisema nikirudi shambani nitaupoteza. Nikaja hapa Mikumi mjini, nikapata kazi kwa fundi mmoja anaitwa Lupakisyo, mtu wa Mbeya, mtengeneza redio na friji.

Kazi yenyewe nikikuambia utacheka. Natikisa fimbo mbele ya televisheni. Fundi ametengeneza mashine ya gemu ambayo hubonyezi kitu. Unashika fimbo, unapunga mkono, na kwenye televisheni panga linapunga vilevile. Mchezo ni wa kukata miwa. Mimi nasimama mlangoni tangu asubuhi, nakata kwa mkono wa kushoto, ili madereva wa malori wanione na kusimama. Jumapili wanakuja wakata miwa wa Ruhembe, watu waliokata wiki nzima, wanalipa ili wakate tena. Niliwauliza kwa nini. Mmoja akaniambia, "Hapa hakuna nyapara."

Fundi ananiambia nikivumilia atanifundisha ufundi. Dada, hilo ndilo ninalolitaka kuliko kitu chochote. Nina miaka thelathini na sita, darasa la tano, na mkono mmoja. Nisipopata ufundi nitarudi kwenye miwa, na kwenye miwa sitarudi mzima.

Naandika barua kwa sababu simu sina. Fundi ameiazima. Imo ndani ya fimbo.

Nampa Yohana wa Fuso hii barua. Majibu mpe yeye.

Mdogo wako,
Donati

*

Kilosa, 2 Machi 2025

Mdogo wangu Donati,

Marahaba. Barua yako Yohana aliiweka chini ya kiti siku nane ndipo akaikumbuka. Ina alama ya dumu la mafuta lakini nimeisoma yote, mara mbili, na mara ya pili kwa sauti.

Mama hajambo, magoti yako palepale. Pikipiki hapandi, anasema dereva anamshika mkono wakati wa kumpandisha. Lightness ameanza kidato cha kwanza na tayari anatusahihisha Kiswahili. Mvua imeanza vibaya, kule mashambani Tindiga mpunga umelala.

Pole sana kwa bega. Mbona hukusema? Ungesema ningekuja.

Na mimi nakuandikia kwa sababu simu yangu imeharibika.

Shemeji yako anakusalimia. Yupo.

Nimefurahi kusikia habari za mashine. Natamani kuelewa kazi ya mdogo wangu. Kwa hiyo naomba unieleze: hiyo fimbo ni bomba au ni mti? Kama ni bomba, ni la inchi ngapi? Simu inafungwa na nini isicheze? Na inaongea na televisheni kwa waya au kwa hewa?

Kula vizuri.

Dada yako,
Gaudiosa

*

Mikumi, 24 Machi 2025

Dada,

Shikamoo. Miezi mitano natikisa fimbo na wewe ndiye mtu wa kwanza kuniuliza inafanyaje kazi. Wengine wote wanauliza zamu yao lini. Nilikuwa sijui majibu. Ikabidi nimchungulie fundi siku tatu ili nikujibu, na nakushukuru, maana kumbe kuna mambo nilikuwa nayapita tu.

Fimbo ni bomba la maji la inchi tatu. Simu inazungushiwa ukanda wa mpira wa baiskeli ili isigonge. Haina waya. Unajua simu ukiilaza, picha nayo inalala? Basi simu inajijua imeinamishwa vipi. Inatuma habari hiyo kwa hewa hadi kwenye kompyuta, na kompyuta ndiyo inayolisogeza panga kwenye televisheni. Ni hivyo tu.

Fundi anasema mashine hii aliiota. Aliota mwaka juzi, anasema, akaamka na kuichora. Lakini mpishi wa hoteli moja ya watalii huku karibu na mbuga ameniambia habari nyingine. Anasema fundi aliitwa kutengeneza friji, akaimaliza siku ya kwanza, akakaa siku tatu akiifungua na kuifunga ili awaangalie wageni wakicheza tenisi kwa kupunga fimbo sebuleni. Na mchezo wenyewe wa miwa ni wa watu wengine, ulikuwa wa kukata matikiti. Fundi alitoa matikiti akaweka miwa.

Mgeni mmoja wa hoteli hiyo alimweleza mpishi kwamba hata huko kwao ni hivihivi. Kampuni ya kwanza ilitoa fimbo ya kupunga. Ya pili ikacheka sana, ikasema ni michezo ya watoto, halafu ikatoa fimbo yake yenye taa kichwani. Ya tatu ikatangaza kwamba fimbo ni ushamba, ikatoa jicho linalomtazama mtu akipunga mikono mitupu. Na kila moja ilisema imeota.

Sisi hapa tumeandika ukutani: MCHEZO WA KUTIKISA, WA KWANZA TANZANIA, HATUNA TAWI. Nimepaka rangi mimi. Fundi akasema atakayetoa siri ya mashine hii nje atamwona kama mwizi wa ng'ombe.

Sidhani dada wa mtu ni nje.

Donati

*

Kilosa, 20 Aprili 2025

Donati,

Marahaba. Nimechelewa. Barabara ya Zombo ilikatika wiki tatu, Yohana alilala kwenye Fuso lake mpaka watu wakaanza kumpelekea uji.

Leo ni Pasaka. Tumekula wali na kuku, mama amekuombea mpaka chakula kikapoa. Lightness anasema barua zako zina mkato mahali pasipostahili.

Shemeji yako ana shughuli siku hizi. Anaamka mapema.

Dada yako bado napenda kuelewa. Nimepata shida kidogo mahali. Je, kioo cha simu kinatazama juu au kinatazama mkononi? Kwa sababu kama kinatazama mkononi, mtu akipunga kulia, panga linaenda kushoto. Nadhani. Nimewaza tu nikiwa jikoni. Tena kompyuta inachelewa, unapunga sasa hivi, panga linakuja baada ya mtu kuhesabu mpaka tatu. Hili nalo nimeliwaza tu.

Ukiweza kuchora, chora.

Gaudiosa

*

Mikumi, 12 Mei 2025

Dada Gaudiosa,

Shikamoo. Nimeondoka nyumbani mwaka na miezi mitano, nimewaza mengi nikikata miwa ya hewani, lakini sijawahi kuwaza kwamba dada yangu akikoroga ugali anahesabu kuchelewa kwa kompyuta.

Nimechora. Kioo kinatazama juu. Kompyuta ikichelewa ni kwamba ina mambo mengi, izimiwe kila kitu kingine.

Karatasi uliyonitumia ilikuwa na tone la risasi ya kuchomelea pembeni. Nimelibandua kwa kucha, ninalo hapa.

Yohana naye ameniambia ukuta wenu wa barabarani umepakwa chokaa mpya. Nikamuuliza umeandikwa nini. Akasema, "Mimi dereva, sisomi kuta."

Habari kubwa ni kwamba fundi ameamua twende Nane Nane Morogoro kushindana kwenye ubunifu. Amesema tukishinda, tutakaa benchi moja mimi na yeye, nishike risasi na bisibisi kama fundi. Ameapa mbele ya mama muuza chapati. Tukishindwa, nikatafute miwa. Kwa hiyo unaelewa nimesimamia nini.

Sasa nakwambia siri ya mwisho, ambayo sikukwambia. Mashine haisomi mkono vizuri mpaka mchezaji avae buti la mvua mguu wa kushoto. La kushoto tu. Wa kulia uwe wazi, na ukanyage gunia lililoloweshwa maji. Nimeligundua mimi, na fundi sasa ndivyo anavyofanya wateja wakubwa wakija. Usimwambie mtu.

Mama asipande pikipiki ya yule dereva.

Donati

*

Kilosa, 15 Juni 2025

Donati mdogo wangu,

Marahaba. Sote wazima. Mpunga tumevuna kidogo, magunia manne. Yalikuwa manne, sasa ni mawili yenye mpunga, mengine mawili yana kazi nyingine.

Kiangazi kimeingia, vumbi tupu, hakujanyesha tangu mwisho wa Mei.

Shemeji yako amenunua mabuti ya mvua.

Sina swali.

Gaudiosa

*

Mikumi, 7 Julai 2025

Dada,

Shikamoo. Leo sitauliza magoti ya mama kwanza. Nitauliza baadaye.

Jumatano Yohana alisimamisha Fuso hapa mbele, akashuka anacheka kabla hajafika.

"We Donati! Kilosa watu wamepanga foleni mpaka kwa muuza mkaa. Wanavaa buti moja!"

Fundi alikuwa ndani anakunywa chai. Akatoka na kikombe. "Buti gani?"

"La mvua. La kushoto. Halafu wanakanyaga gunia bichi, wanatikisa fimbo kama nyie."

"Kwa nini la kushoto?"

"Sasa fundi, mimi nitajuaje? Ndiyo siri yao. Lakini ukivaa unasikia kabisa mashine inakushika. Mimi mwenyewe nilivaa."

Fundi akakaa juu ya tairi. Akaimwaga chai yote chini. Halafu akasema maneno ambayo sitayasahau: "Wameniibia kitu nilichokuwa naelekea kukibuni."

Dada, lile buti ni uongo nilioubuni mimi. Nilikaa juu ya ndoo, nikawaza ujinga mkubwa kuliko wote ambao mtu mwenye akili hawezi kuufanya, nikauandika, nikakutumia. Nilitaka nione kama maswali ni yako au ni ya shemeji. Nimeona.

Lakini sikuona litakalofuata. Jioni ileile fundi alinituma dukani. Nimenunua buti kwa mikono yangu mwenyewe. Siwezi kumwambia ni uongo, maana ataniuliza nimejuaje, na nikisema nimejuaje, mimi ndiye mwizi wa ng'ombe. Kwa hiyo nasimama mlangoni kutwa, mguu mmoja ndani ya mpira, mwingine kwenye gunia bichi. Vidole vya kushoto vimechubuka, vya kulia vimevimba kwa maji. Na wateja wameongezeka! Wanavua viatu wenyewe. Mzee mmoja mwenye sukari alijaribu kucheza bila buti, wenzake wakamzuia, wakamwambia utaharibu mashine.

Fundi ana maelezo tayari. Anasema nguvu ya mwili inapanda kulia, inashuka kushoto, mpira unaizuia isimwagike. Ameyaandika kwenye fomu ya Nane Nane. Amejaza: Kitu kipya katika ubunifu huu ni buti.

Shemeji anakwenda Nane Nane pia. Yohana amesema. Niambie ukweli, dada, na uniambie wewe, siyo yeye akisimama nyuma yako.

Magoti ya mama?

Donati

*

Kilosa, 17 Julai 2025

Donati,

Naandikia kanisani, hayupo nyuma yangu.

Unajua kibanda chake cha kutengeneza simu kilichukuliwa na mto Mkondoa kwenye mafuriko ya mwaka jana. Wewe ulikuwa umeshaondoka, na mimi sikukuandikia kwa sababu wewe nawe hukuandika la bega. Tangu siku ile Cleopa alikaa. Miezi kumi, Donati. Alikuwa anakaa kwenye stuli anatazama ukuta. Nikimletea chakula anakula, nisipomletea hasemi. Majirani walianza kumwamkia kama mgonjwa.

Barua yako ya Februari niliisoma kwa sauti ili nisikie sauti ndani ya nyumba. Nilipofika kwenye simu iliyo ndani ya fimbo, akageuka. Akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akasema, "Muulize bomba ni la inchi ngapi." Hilo lilikuwa neno lake la kwanza refu tangu mafuriko. Ungekuwa wewe, usingeandika swali hilo? Ningeuliza inchi za mbinguni.

Simu yangu haikuharibika. Imo ndani ya bomba.

Ukutani ameandika: ASILI YA MCHEZO WA KUTIKISA. MENGINE YAMEIGA.

Kuhusu buti. Nilijua. Dada yako nilikulea, najua ukidanganya unavyoweka maneno mafupi mafupi. Sikumwambia. Sasa anaamka saa kumi na moja alfajiri kulowesha gunia. Anapiga mluzi. Anawaeleza watu maana ya buti, wanatikisa kichwa. Nikimwambia ni uongo wa shemeji yake atarudi kwenye stuli, na mimi sitaweza mara ya pili.

Najua una bega, najua umesimamia nini. Lakini nakuomba kama mama yako wa pili: usiseme kule mbele za watu.

Mama hajambo. Amecheza. Amevaa buti.

Gaudiosa

*

Mikumi, 11 Agosti 2025

Dada Gaudiosa,

Shikamoo. Nadhani shemeji amefika na hajasema kitu, kwa hiyo nitakusimulia mimi.

Walitupanga jirani. Katikati yetu na wao kulikuwa na kamba tu. Televisheni mbili, mabomba mawili, magunia mawili mabichi, mabuti mawili ya kushoto, yote ya kijani. Watu walidhani ni kampuni moja. Fundi na shemeji walikuwa wanapeana migongo tangu asubuhi. Mimi na shemeji tulisalimiana kwa macho.

Saa nane wakaja majaji watatu. Mkubwa wao ni mama mmoja anaitwa Editha, mfupi, ana miwani ya kamba. Akatazama huku, akatazama kule.

"Hii fimbo nimeshaiona," akasema. "Mwanangu anayo, ya kutoka nje. Huu mchezo nao nimeshauona, ulikuwa wa matikiti. Sasa hili buti ndilo sijawahi kuliona popote duniani. Nani amelibuni?"

"Mimi," akasema fundi.

"Mimi," akasema shemeji, kwa pamoja naye.

"Linafanya nini?"

Fundi akaeleza nguvu inayopanda kulia. Shemeji akasema siyo, nguvu inatoka ardhini, gunia ndilo linaloivuta, buti linaipima. Wakaanza kubishana.

"Wewe hata friji ulizijulia kwa watu!"

"Na wewe umetoka mafurikoni na nini, kama siyo kuiba?"

Watu wakajaa. Mama Editha akapiga makofi mawili. "Basi mmoja wenu avue, acheze bila buti, tuone tofauti."

Dada, hakuna aliyekubali. Fundi alisema ni hatari kwa moyo. Shemeji alisema mashine inaweza kuungua. Wanaume wawili waliotengeneza mashine kwa mikono yao walikuwa wanaliogopa buti langu. Nikakumbuka ombi lako, nikatazama chini. Nilikuwa nimeamua kabisa kunyamaza. Naapa.

Aliyesema siyo mimi, ni shemeji. Alipoona mama Editha anaanza kuandika jina la Lupakisyo, akashindwa kuvumilia. Akanyoosha mkono juu ya kamba. "Mama, huyu anadanganya! Buti siyo lake. Wala siyo langu, nakiri. Ni la shemeji yangu yule pale, ananiandikia barua. Kama ni haki, mwandikeni yeye."

Alisema kwa nia njema. Alisema kwa kunitetea, mbele ya fundi wangu.

Fundi akanigeukia polepole. "Unaandika barua Kilosa?"

Nikaona hakuna kilichobaki cha kuficha. Nikavua buti, nikasogeza gunia kwa mguu, nikashika fimbo kwa mkono wa kushoto, nikakata miwa yote iliyopita, hata mmoja sikuukosa. Peku. Kisha nikapita chini ya kamba, nikacheza na ya shemeji. Ikasoma vilevile, ila inachelewa kidogo.

Hema zima likacheka. Shemeji hakucheka. Alikaa juu ya boksi la televisheni, nikaogopa kwamba ndiyo stuli yenyewe.

Mama Editha alivua miwani akafuta macho. Akaniambia, "Katika mashine zote mbili, kitu pekee ambacho hakikuigwa ni uongo wako." Halafu akauliza kama mashine yenyewe naijua au najua buti tu. Nikamweleza. Bomba, mpira, kioo kinavyotazama, simu inavyojijua imelala, hewa, kompyuta na kwa nini inachelewa. Nilieleza bila kusita. Akauliza nimesomea wapi.

Nikasema, "Nilikuwa namjibu dada yangu maswali."

Wakati naeleza nilimtazama fundi. Alikuwa anasikiliza kama mtu anayesikia mengine kwa mara ya kwanza.

Ushindi alipewa mtu wa mashine ya kupukuchua mahindi. Jirani yake alikuwa na mashine hiyohiyo, yenye rangi nyingine.

Fundi amenifukuza palepale. Amechomoa simu yangu kwenye bomba akanipa, kisha akanitupia na lile buti. "Nenda na ubunifu wako," akasema. Kwa hiyo ninalala kwa yule mpishi wa hoteli, nina simu, nina buti moja, sina kazi. Nyapara wa Ruhembe amenitumia ujumbe kwamba nafasi ipo. Nimemwambia nitafikiri.

Nisamehe, dada. Shemeji anakaa wapi sasa?

Donati

*

Kilosa, 24 Agosti 2025

Donati,

Marahaba, na usiende Ruhembe. Nimeanza na hilo kwa sababu Yohana anaondoka sasa hivi na naandikia juu ya boneti.

Siku mbili alikaa kwenye stuli. Nilifunga mlango nisimwone. Siku ya tatu alitoka, akaenda mpaka Mkondoa, akalitupa buti la kushoto mtoni. Maji yenyewe ni kidogo, likakwama kwenye mchanga, akavua suruali akaingia kulisukuma mpaka likaenda. Akarudi amelowa, akachomoa simu yangu akanirudishia, akasema samahani. Halafu akaenda sokoni kununua simu mbovu ya kujaribia.

Sasa ana matatizo mawili. La kwanza, simu mpya inasoma kinyumenyume, mtu akikata, panga linarudi nyuma. La pili ni wateja. Wamegoma. Amewaeleza kwamba buti halina kazi, amewaonyesha, amecheza peku mbele yao. Wanamwambia, "Fundi, wewe umezoea. Sisi tuletee buti letu." Akajaribu kuwapa la kulia. Wamekataa la kulia.

Jana amekaa mlangoni pa jikoni muda mrefu. Akasema, "Mama Lightness, hebu muulize Donati, kioo kikitazama juu na bado inasoma kinyume, ni nini?" Nikamwambia safari hii siandiki swali la mtu. Anayetaka kuuliza amwite mwenye majibu akae naye benchi moja. Akainuka, akatoka. Nikadhani amekasirika. Kumbe alikuwa anapima. Leo asubuhi amesogeza meza, ameongeza stuli ya pili upande wa kushoto, kwa ajili ya mkono wako mzima. Hajasema ni ya nani. Mimi nakuambia.

Gaudiosa

*

Mikumi, 1 Septemba 2025

Dada Gaudiosa,

Shikamoo, na shikamoo ya shemeji mpe leo, asingoje nije nayo.

Simu ninayo mfukoni, ina chaji, na namba yako naijua. Nimeona niandike hivyohivyo. Kwenye simu ungelia, mimi ningenyamaza, na salio lingeisha.

Mwambie shemeji simu hiyo ameiweka kichwa chini. Siyo kioo, ni kichwa. Aigeuze. Lakini mwambie baada ya kusoma barua yote, ili aisome yote. Suala la kuchelewa kwa kompyuta tutaliangalia pamoja, nina wazo, na safari hii ni la kweli.

Nyapara nimemjibu hapana. Jana nilipita mbele ya kibanda cha Lupakisyo. Amefuta ukuta, ameandika: SASA BILA BUTI, TEKNOLOJIA MPYA. Amempata mtu mwingine wa kutikisa. Nasikia Kidodi nako kuna mtu anaitwa Nickson amefungua, anavalisha watu mabuti mawili na kofia ya pikipiki, na anasema aliota.

Mama mwambie asipande pikipiki ya mtu, nitamsindikiza mimi.

Yohana anaondoka Mikumi Jumamosi tarehe 6 Septemba asubuhi, nitakuwa juu ya Fuso. Barabara ikiwa nzuri nitashuka Kilosa kabla ya saa nane. Wateja wa shemeji waambieni wasubiri. Nakuja na buti la kushoto.

Donati